Wimbo Alioufuta Osvaldo

Osvaldo Brighenti, jirani yangu wa ghorofa ya juu hapa mjini Faenza, hasikilizi muziki. Anautazama. Nyimbo za mapenzi za miaka ya sitini anazo kedekede, zote katika faili za dijitali zisizobanwa, yaani zile ambazo hazikutupa hata chembe ya sauti ili zipungue ukubwa. Faili mpya ikifika, huifungua kwanza kama picha ya sauti kwenye kompyuta, sauti nzito zikiwa chini na nyembamba juu. Picha ikijaa mpaka juu, faili ni halali. Ikikatika mapema, basi mtu kachukua faili iliyobanwa akaipa sifa isiyo yake, na kwenye kikundi chao cha wakusanyaji hilo halina msamaha. Faili inafutwa, aliyeituma anaanikwa mbele ya wote na kutimuliwa. Mimi naona ni wazimu mtupu, ila hakuna aliyeniuliza.

Mwezi wa tatu dada yake, Nives, aliambiwa ana saratani ya koo na kwamba watamkata kisanduku cha sauti. Ujanani Nives aliimba kwenye kumbi za dansi kule Rimini, akarekodi wimbo mmoja tu. Santuri yake mwenyewe ilikwenda na mafuriko yaliyojaa stoo zetu.

"Nitafutie, mdogo wangu," alimwambia. "Nataka nijisikie kabla hawajanikata."

Osvaldo akatangaza kwenye kikundi. Mzee mmoja wa Pesaro, Gualtiero, alikuwa na nakala ya santuri ile. Akairekodi na kumtumia. Osvaldo akafungua picha, akaona imekatika. Alimwita mzee wa watu tapeli mbele ya kikundi kizima, akafuta faili, kisha akashuka kwangu kujisifu. Nives alikuwa mezani pangu, anakunywa supu.

"Umeusikiliza?" akauliza, sauti imemkauka.

"Nisikilize nini, dada? Feki ile! Huku juu imekatwa, hamna kitu."

Nives akaweka kijiko. "We Osvaldo, una akili kweli? Tulirekodia stoo ya mvinyo, na mashine mbovu ya kuazima. Fundi mwenyewe alisema sauti za juu haziingii. Santuri zote ziko hivyo!"

Osvaldo alinywea. Nilimsukumia simu yangu, nikamwambia ampigie Gualtiero palepale, na sauti yake tukaisikia sote.

"Umeniita mwizi mbele ya rafiki zangu," alisema Gualtiero. "Faili nimefuta. Santuri nimeivunja kwa goti."

"Nisamehe, mzee wangu. Ni sauti ya dada yangu. Wanamkata koo."

Mzee akashusha sauti. "Mjukuu wangu alinichukua video siku ile nikiipiga santuri, ananicheka ninavyodansi. Nitakutumia hiyo. Si kwa ajili yako, kwa ajili ya huyo mama."

Tukaifungua kwenye kijisimu changu. Viatu vya mzee vilikuwa vinaburuzika sakafuni, mtoto anacheka kwa nguvu, na nyuma yao, kwenye santuri, msichana anaimba, mbali, sauti nyembamba na safi. Nives alifumba macho, midomo yake ikifuata maneno. Nilitaka kulia nikajizuia. Osvaldo hakuweza. Aliangua kilio cha kitoto, akaanza kumwomba dada yake msamaha, tena na tena, amemshika mkono.

"Nyamaza, mdogo wangu," alisema Nives. "Unaifunika sauti yangu."