Baba Anamkataza Kaka Yangu Kumzika kwa Sababu ya Gari la Jenerali

Admin, jina langu libaki kwako. Na nyinyi wa Mbotela mtakaonitambua, nyamazeni, maana mmeshacheka vya kutosha.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, naishi Tassia na wanangu wawili, nauza nguo za watoto. Kwetu ni Mbotela, na kama uliwahi kupita umeliona lile gari kuukuu kando ya nyumba yetu, chini ya mabati. Marehemu babu alikuwa dereva wa jenerali Mzungu wakati wa vita vya Hitler, na Wazungu walipofunga virago, jenerali akamwachia gari lake. Hivyo ndivyo babu alivyomwambia baba, na baba akatuambia sisi. Injini ilikufa kabla sijazaliwa, lakini kila Krismasi baba alilipaka rangi kwa brashi, rangi yoyote iliyopatikana. Mtu akiliita chuma chakavu, baba alikuwa haongei naye tena. Mimi mwenyewe nimepigana shuleni kwa ajili ya gari hilo, kwa hivyo usije kwenye komenti kuniambia eti ni gari tu.

Mwaka huu nilimtafuta mtaalamu wa magari ya kale, mzee anayeandaa maonyesho ya magari ya vita. Akaniambia kwa simu, "Msiliguse, hata msilioshe. Gari la aina hiyo raia pia walinunua. Lakini kama lilibeba wakubwa wa jeshi, chini ya rangi zenu kutakuwa na kijani cha jeshi. Nitakwaruza padogo tu." Nilimwambia baba mbele ya majirani. Aliinuka akaingia ndani, nikadhani ni furaha. Kesho yake akaondoka kwenda Bungoma kwenye matanga ya mtu ambaye hata si wa ukoo wetu.

Sasa kuna kaka yangu mdogo, nitamwita Boni. Boni ni mjuaji, ukimwambia moto unachoma atakuuliza nani alisema. Nilimweleza kila kitu, akajibu, "Niko rada, sista," yaani ameelewa vizuri. Nikarudi Tassia. Nyuma yangu akaita vijana wa gereji, wakalipiga gari lote msasa mpaka likabaki chuma kitupu, kisha wakalipulizia kijani kipya na kuchora nyota kubwa mlangoni.

"Sasa mgeni anakuja tumwonyeshe gari chafu?" aliniuliza. "Si hata nyumba hupakwa rangi mgeni akija? Na hiyo ni kijani ya jeshi, si ndio alikuwa anataka?"

Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mtaalamu alifika baba akiwa amesharudi. Akapitisha kidole kwenye bawaba za milango, akanusa, akachungulia chini ya viti. "Pole, mzee," akasema. "Huenda ni la kweli, huenda si la kweli. Ushahidi wote umekwaruzwa. Sasa hakuna atakayejua." Hata chai hakumaliza. Jirani mmoja akasema kwa sauti, "Si tulisema hizo ni stori za jaba, porojo za watafuna miraa?"

Baba hakupiga kelele. Alimwambia Boni mbele ya wote, "Umemuua baba yangu mara ya pili. Siku nikifa, usishike udongo wa kaburi langu."

Jumamosi hii amewaita wazee wa ukoo ayarudie maneno hayo mbele yao, na kwetu neno kama hilo likishasemwa mbele ya wazee halirudi. Boni anakuja kupiga magoti mlangoni kila jioni na baba hamfungulii. Mimi nilifurahi, sitawadanganya. Nilisema na bado, acha akione cha mtema kuni.

Juzi nilikuwa Mbotela nikichota maji kwenye pipa la mama. Pipa hilo limefunikwa na kifuniko cha buti ya lile gari. Mama alikichukua nikiwa mtoto, bawaba zake zilipokatika, na siku hizi hakuna anayekumbuka kilikotoka. Nikakumbuka mimi. Nikasema heshima ya babu ilijificha hapa, na nikamchukia Boni upya. Nikachukua kisu cha jikoni nikakwaruza. Manjano ya Krismasi, buluu ya Krismasi, nyeusi, halafu maruni inayong'aa, halafu chuma. Nikakwaruza kona nyingine, ikawa hivyo hivyo. Kijani hakikuwepo. Gari letu halijawahi kuingia jeshini.

Nilimpelekea baba nikiogopa moyo wake utasimama. Hakuuliza ni nini. "Mama," aliniambia, maana nimepewa jina la mama yake, "rudisha hiyo kwa pipa. Mimi niliikwaruza hata kabla uanze shule."

"Kumbe ulijua? Basi Boni amekosa nini? Si amekuokoa?"

"Ameniokoa. Lakini nikimsamehe, watu watauliza mbona sikuumia. Hasira yangu ndiyo imeshika jina la babu yako."

Nilitoka nje bila kumuaga. Hasira niliyokuwa nayo kwa Boni sasa yote ni ya mzee wangu, na naona haya kuiandika. Anamfukuza mwanawe kaburini ili majirani wasijue gari lilikuwa la nani!

Nikikiweka kifuniko mbele ya wazee, Boni atamzika baba, lakini baba ataitwa mwongo angali hai, na babu kaburini kwake. Nikinyamaza, kaka yangu atasimama mbali siku hiyo kama mpita njia, na mimi nitakuwa nimejua.

Kifuniko sikukirudisha. Kiko chini ya kitanda changu hapa Tassia, na pipa nimelifunika kwa sinia. Tangu asubuhi baba ananipigia simu, na kwenye ujumbe ameuliza kitu kimoja tu, pipa limefunikwa na nini. Ndugu zangu, nimjibu nini?