Visahani Saba vya Mgeni wa Mvua

Najua nitaonekana mwongo, na mimi ni mtu ninayeona aibu hata nikikunja vibaya kitambaa cha meza. Kisa hiki nimekiandika mara nne, nikifuta kila nilipohisi nimetia chumvi. Kilichobaki kilitokea, hapa Kayanga, katika chumba changu cha meza tatu.

Napika chakula cha Kikorea kilichochanganywa na cha kwetu, kwenye visahani vidogo. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa video za simu, nikamwaga mitungi mitano ya kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili na tangawizi, kabla wa sita haujaniridhisha. Mwenye nyumba hakuvutiwa.

"Visahani hivi ni vya paka?" aliniuliza. "Mwanangu, sisi Wanyambo hatushibi kwa kisahani."

Chumba alitaka kumpa kinyozi. Nikamwomba aje ale mara moja tu, ndipo aamue. Akasema Jumamosi, saa moja jioni.

Jumamosi hiyo niliandaa visahani saba: panzi wa senene kwa ufuta, ndizi za kukaanga kwa mchuzi mtamu wa pilipili, maharage yenye kimchi, na vingine vinne. Nilivipanga upya mara tatu. Mvua ikaanza. Dakika chache kabla ya saa moja akaingia bibi mwembamba, peku, kajitanda kanga. Niamini: nje ilikuwa ikimwagika, lakini sakafu haikulowa alipokanyaga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nina njaa."

Ungefanyaje? Ungemwambia bibi wa watu kwamba chakula kina mwenyewe? Nikamwekea vyote saba. Hakugusa. Alinitazama tu, nikadhani nimekosea mpangilio.

"Nani kakulea wewe?" akauliza. "Unampa mgeni kitu hujakionja?"

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Nyumbani Kituntu, mama hampi mtu hata kikombe cha pombe ya ndizi kabla hajakionja mbele yake, mgeni ajue ni salama. Nilikuwa nimejifunza mambo ya watu wa mbali, hilo nikalisahau. Nikaonja kisahani kimoja kimoja. Kila kimoja kilikuwa kitamu, nakiri bila haya. Bibi akainama juu ya visahani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

Nikaingia jikoni kuchukua chai. Niliporudi, kiti kilikuwa kitupu na visahani vimejaa vilevile. Pembeni palikuwa na kifurushi cha kahawa ya kutafuna, kimefungwa kwa jani kavu la mgomba.

Mwenye nyumba akaingia akikung'uta mwavuli. Sikuwa na chakula kingine. Safari hii nilionja kwanza, mbele yake. Sikupata kitu. Chumvi hakuna, pilipili hakuna, kama kutafuna karatasi iliyolowa. Naye akaonja.

"Mwanangu, hiki ni nini?"

Nikalia. Kisha nikamsimulia yote, nikamwonyesha kifurushi. Alikigeuza kwenye kiganja, akalishika lile fundo.

"Mama yangu ndiye aliyekuwa akifunga hivi," akasema taratibu. "Tumemzika hapo nyuma, migombani. Hii ilikuwa sebule yake."

Unajua kwetu kahawa hiyo hutolewa na nani? Mwenye nyumba, akimkaribisha mgeni.

Mzee akavihesabu visahani kwa kidole. "Alikuwa mgumu sana kuridhika, mama. Chakula cha watu alikionja kidogo, akakisukuma. Chako hakuacha hata ladha." Akafungua kifurushi, akanipa punje mbili, naye akatafuna mbili. "Kinyozi atafute kwingine."

Chumba ninacho hadi leo. Wapishi wengine wana vyeti ukutani. Mimi nimetundika lile jani la mgomba, na sioni haya. Mvua ikinyesha jioni, mara nyingine kisahani kimoja huishiwa ladha mezani, na mimi hukitoa kimya kimya, nikitabasamu.

Basi ukija ukaniona naonja chakula chako kabla yako, usinune. Na wewe unayepokea wageni, popote ulipo, onja kwanza mbele yao. Unaweza kudhani unamkaribisha mgeni, kumbe mgeni ni wewe.