Jengo Tulilolitakasa Kule Savage

Mimi ndiye niliyesema ni tunguri. Wengine wakisimulia siku ile huanza na pasta na mafuta ya upako. Mimi naanza na mdomo wangu, maana ndio ulioniponza.

Kanisa letu la Wakenya lilikuwa limenunua hekalu la Wabudha huko Savage, mji mdogo wa huku ughaibuni, karibu na maghala ya mtoni. Wenyewe walikuwa wazee wa Kikambodia, wamebaki wachache, watoto wao hawaji tena, wakaamua kuuza. Sisi tulikuwa tumechoka kuabudu katika ukumbi wa shule, kila Jumapili kupanga viti na kuvikunja. Tulishangilia jamani, acha tu! Jumamosi ya kwanza tukaenda kulitakasa, karibu sote wauguzi, nusu yetu tumetoka kazini macho mekundu.

Nyuma ya pale palipokuwa na sanamu yao kulikuwa na kijikabati ukutani. Ndani mlikuwa na chungu kidogo cha udongo, kimefungwa kitambaa chekundu, mdomo umezibwa kwa nta. Aliyekulia kwetu Kilifi akiona kitu kama kile, mwili humsisimka. Nikapiga ukelele: "Hiyo tunguri ya mganga! Msiiguse kwa mkono mtupu!"

Pasta hakuuliza. Mimi pia sikuuliza, na namba za simu za wale wazee walikuwa wametubandikia mlangoni. Tulikemea mpaka sauti zikatukauka. Kisha kwa kiherehere changu nikavaa glavu za kazini, nikakipeleka chungu hadi ukingo wa mto, nikakipasua kwa jiwe na kumwaga majini majivu yote yaliyokuwamo. Nilirudi naimba. Nilijiona shujaa, mjinga mimi.

Wiki iliyofuata akaja mzee mmoja wa Kikambodia na bintiye. Mzee anatembea kwa mkongojo, lakini aliinama akavua viatu mlangoni, na nje theluji imeanza. Binti akatueleza kwa Kiingereza kwamba wenzao walipokuwa wakihamisha vitu, baba yake alikuwa amelazwa, amepasuliwa nyonga. Aliwakataza wasimguse mkewe. Alitaka kumbeba mwenyewe.

"Tumekuja kumchukua mama," akasema, akaonyesha kile kijikabati.

Pasta akaangalia chini. Mimi nikakumbuka kwetu. Nyanya yangu alikuwa na vigingi vya koma uani, miti ya kuwakumbuka wazee wetu waliokufa, na alikuwa akiwamiminia uji na kuzungumza nao. Walokole waliving'oa wakavichoma, na pale pale likajengwa kanisa nililobatiziwa. Nyanya alilia siku tatu hali chakula. Nami nilimwona mshamba tu, namwonea haya mbele ya wenzangu. Sasa nilikuwa nimemfanyia mtu baki yale yale, tena nikiimba.

Nikawaambia ukweli kuhusu mto. Binti akashika mdomo. Mzee hakupiga kelele, na heri angepiga. Aliomba tu apelekwe mahali penyewe.

Nikawapeleka kwa gari langu. Mto ulikuwa wa kahawia, na vipande vya barafu vimeshaanza kuganda pembeni. Mzee alisimama kwenye matope akiangalia maji kwa muda mrefu, bintiye amemshika kiuno asianguke. Halafu akasema kitu kwa lugha yao.

"Baba anauliza," binti akaniambia. "Kwetu marehemu hahamishwi bila kuambiwa anakopelekwa, asije akaogopa. Anauliza, kabla ya kumwaga, mlimwambia nini mama?"

Tulichomwambia nakikumbuka neno kwa neno. Toka, pepo mchafu. Rudi kuzimu ulikotoka. Tulimwambia hivyo karibu saa nzima, na sauti yangu ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote.

"Mwambie tulimwombea," nikasema.

Binti akamtafsiria. Mzee akauachia mkongojo ukaanguka, akaunganisha viganja vyake, akaniinamia akinishukuru.