Gari la Kitavi Lilipoanza Kunguruma

Kitavi aliendesha magari ya wizara moja jijini Nairobi tangu ujana wake, mpaka presha ya macho ilipomnyang'anya nuru. Lilianza jicho la kushoto, la kulia likafuata. Akastaafishwa mapema, akarudi kwake Kabiria, akaketi.

Gari lake mwenyewe, kuukuu, la rangi ya maziwa, lilibaki uani chini ya turubai. Mkewe Mwongeli alikuwa mshonaji wa mapazia, na kazi yake nyingi ilikuwa Kileleshwa, ambako miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nyumba za zamani zilikuwa zikibomolewa na maghorofa kuota mahali pake. Kupanda matatu na marobota ya kitambaa na vyuma vya pazia kulimchosha. Basi siku moja, bibi mwenye wajukuu, akajiandikisha katika shule ya udereva. Siku Mwongeli alipolitoa gari uani, mumewe aliingia chumbani akafunga mlango. Alialikwa mara nyingi kwenda naye, akakataa. Alisema yeye hajui kuwa abiria.

Mwaka uliofuata gari likaanza kunguruma. Likisimama, kimya. Likiteremka, kimya. Lakini Mwongeli akikanyaga mafuta kupanda kilima cha kuingia Kileleshwa, sauti ilimtokea chini ya miguu kama lori la mchanga, na sakafu ikatetemeka. Mlinzi wa ghorofa moja alimwomba kwa adabu awe anaegesha nje ya geti, maana wapangaji wenye watoto wachanga walikuwa wamelalamika.

Fundi wake alikuwa Muli, mwenye gereji ya wazi kando ya barabara Kawangware. Muli alibadilisha sailensa ya bomba la moshi. Kwenye kilima sauti ikarudi vilevile. Hakuwa mlaghai. Shida ni kwamba akikanyaga mafuta gari likiwa limesimama pale gereji, halikutoa ule mngurumo, na huwezi kutibu usichokisikia. Mwishowe akamshauri mama alitafutie mnunuzi.

Mwongeli alimweleza mumewe wakiwa mezani, kwa sauti ya chini, akitarajia ukimya wake wa kawaida. Kitavi akaweka kijiko.

"Kesho nipeleke," akasema. "Nataka kulisikia."

Asubuhi alikaa kiti cha abiria, mikono yake haijui pa kutulia. Kwenye kilima alisikiliza huku ameinamisha kichwa, kisha akatangaza kwamba ni beringi ya gurudumu la nyuma. Alisema kwa uhakika wa zamani. Wakaenda kwa Muli, magurudumu yakainuliwa kwa jeki na kuzungushwa moja baada ya jingine. Yote yalizunguka laini, bila hata mkwaruzo.

Kitavi aliomba arudishwe nyumbani. Alisema alikuwa mjinga kufikiri bado anafaa kitu. Mwongeli hakuwasha gari.

"Baba Mukonyo," alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao, "siku yangu ya kwanza barabarani nilizimikiwa na gari katikati ya Kawangware, watu wakanipigia honi na kunicheka. Kesho yake nilirudi pale pale. Wewe umekosea mara moja tu."

Mzee akaanza kuuliza, pole pole, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa vidole. Ukiondoa mguu kwenye mafuta ukiwa mlimani, inakuwaje? Sauti inakatika, akasema Mwongeli. Na gari bado linakwenda? Linakwenda. Basi magurudumu hayana hatia, akasema Kitavi, kwa sababu hayo bado yanazunguka. Sauti inakuja pale tu injini inapovuta mzigo. Na hapa gereji injini haivuti chochote.

Akamwomba Muli afungue boneti na kusimama kando, mbali na njia ya gari. Akamwambia Mwongeli akaze breki, aingize gia, halafu aachie klachi kidogo kidogo mpaka gari litake kuondoka. Mwongeli alifanya hivyo. Ule mngurumo ukaja, mzito, pale pale walipokuwa.

"Mzee," Muli akasema, "injini inainuka upande mmoja. Ni kama mtu anaamka kwa kiti."

Raba inayobeba injini ilikuwa imekatika. Gari likitulia, injini iliilalia, raba ikaonekana nzima. Likivuta, injini iliinama, na bomba la moshi likagonga sakafu. Kugonga huko kukalegeza kiungo cha bomba, na kila injini ilipoinama kikafunguka, moshi ukapiga kelele ukitoka. Muli alishika kiuno akacheka, na Kitavi akacheka naye.

Mwongeli na Muli walifuata raba kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Kitavi alisisitiza zibadilishwe za pande zote mbili, kwa kuwa zilikuwa za umri mmoja. Kiungo cha bomba nacho kikafungwa upya. Walipojaribu kilimani, walisikia tu upepo dirishani na vyuma vya pazia vikigongana nyuma.

Tangu hapo Muli akawa akimtumia mzee salamu aje kila lilipokuja gari lenye sauti isiyoeleweka. Kitavi hakupatia kila mara. Lakini asubuhi alinyoa ndevu, akachukua fimbo yake, akatoka.

Jumamosi moja aliomba wapite katikati ya jiji, barabara alizozizoea. Mwongeli aliendesha taratibu kando ya foleni ya magari, akimsimulia: hapa wamechora upya mistari, pale duka la viatu limekuwa benki, hawa wachuuzi wanauza miavuli.

"Na jakaranda za Uhuru Highway?" Kitavi akauliza.

"Zimechanua," akasema mkewe, akateremsha kioo cha upande wake ili mumewe azinuse.