Miguu Yangu ya Hina Imetundikwa Ukumbini

Ndugu wasomaji, namshukuru mhariri kwa kulificha jina langu, maana hapa Dodoma tunajuana. Nina miaka ishirini na miwili, nimesoma hadi kidato cha nne, na nimeolewa juzijuzi tu. Mume wangu nampenda jamani, hata akikohoa nasikia raha. Anachora mabango ya maduka haya yanayofunguliwa kila kona siku hizi, lakini moyo wake uko kwenye picha zake mwenyewe.

Tukiwa kwenye fungate alinichora miguu. Miguu tu, na hina yake, juu ya mkeka. "Uso wako ni wangu peke yangu, laazizi," aliniambia, nami nikatulia kama maji mtungini.

Kisha wakaja wanafunzi wa chuo. Walikuwa wanaandaa maonyesho ya wasanii chipukizi, kuhusu sisi wa mji huu ni akina nani na tunaishije pamoja. Picha ile wakaitundika ukumbini, mbele kabisa. Mume wangu akanunua shati jipya. Tuliamini hakuna atakayejua ni miguu ya nani.

Tulisahau kwamba kila mwanamke anayewapaka wenzake hina mtaani kwetu Chang'ombe ana ua lake analochora. Ua la somo yangu, aliyenifunda na kunipamba, lina kikonyo kinachozunguka kifundo cha mguu, na bibi harusi wake wa karibuni ni mimi. Majirani waliingia, wakatazama, wakacheka. Kabla ya adhuhuri mama yangu alikuwa ameshaambiwa.

Alikuja kwetu, akakataa kukaa.

"Shikamoo mama," mume wangu akasema.

"Marahaba. Mkwe wangu, nilikupa binti, sikukupa bango la duka."

"Lakini uso haupo, mama."

"Uso wa nini, na mtaa mzima unamjua kwa nyayo?"

Akasema picha isiposhushwa, Idi nisikanyage kwake. Somo naye amenuna, ingawa nasikia amekwenda kuitazama mara mbili.

Nikaenda ukumbini. Msichana anayewaongoza wanafunzi akanijibu, "Dada, tukiitoa hiyo tunabaki na kuta. Mwambie msanii aje mwenyewe." Msanii ndiye huyo mume wangu, naye anasema akiishusha hakuna atakayemwita tena, ataandika "Sukari Ipo" mpaka azeeke.

Kinachonikera ni kwamba wote wanagombania miguu yangu na hakuna aliyeniuliza mwenyewe. Mama anasema na mume, wanafunzi wanamtaka msanii. Siku ile ukumbini niliitazama picha, nikajiona mzuri, nikatamani ibaki. Lakini sijawahi kula Idi nje ya nyumba ya mama.

Hina yenyewe imeshafutika miguuni, imebaki ukutani tu. Mlionitangulia kwenye ndoa, niambieni nishike lipi: nimwombe mume wangu aishushe, au Idi nikabishe hodi kwa mama hivyo hivyo?