Ndugu wa Bartholomayo Aliyeko Marekani

Mimi Judica sitaki kuanza kwa upole, kwa sababu upole wenyewe sina. Mezani hapa nina pakiti ya kahawa iliyotoka Kanada, na juu yake kuna sura ya mume wangu. Sisemi mtu anayefanana naye. Ni yeye Bartholomayo, na kovu lake juu ya jicho la kushoto, alilochomwa na tawi la mbuni mwaka wa tisini na moja, nikalisafisha mimi mwenyewe kwa maji ya chumvi. Chini ya sura hiyo wameandika "Mzee Simba". Simba! Mtu amebatizwa Bartholomayo, ukoo wake unajulikana mpaka babu wa nane, halafu mtu aliyeko huko anakaa kwenye kiti chake na kumwita Simba. Na huku kwetu tangu nizaliwe sijaona hata nyayo za simba.

Acha nieleze huyu mtu ni nani, maana kwenye pakiti hawakueleza.

Bartholomayo alizaliwa Kamachumu, kule Muleba, mtoto wa nne wa mzee aliyelima kahawa na migomba kama kila mtu. Darasa la saba alilimaliza vizuri, lakini nafasi ya sekondari hakuipata. Akaenda kisiwani Goziba kuvua dagaa ili apate mahari. Alikaa miaka miwili, akaichukia kila siku yake, kwa sababu hajui kugombana, na Goziba bila kugombana huli. Alirudi na mahari nusu. Baba yangu alipomwona alivyokonda akamhurumia, akasema nusu inatosha. Ndivyo nilivyoolewa, na mpaka leo nikitaka kumchokoza namwambia alinichukua kwa bei ya punguzo.

Tukahamia huku Maruku kwenye kibanja cha migomba na kahawa alichoachiwa na shangazi yake. Alipata vibarua vya kupanda miche ya migomba, mimi nikafundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Kanisani alichaguliwa mzee wa usharika. Ni mtu asiyesema uongo hata pale uongo unapofaa, na hilo limenitesa kuliko ulevi ungenitesa.

Sasa kuna jambo moja lazima lieleweke, la sivyo mtamwona mjinga. Baba yake alikuwa na ndugu wa omukago, yaani ndugu wa kuchanjiana damu, aliyeitwa Kyaruzi. Zamani wanaume wawili walikaa uso kwa uso, kila mmoja akajichanja kidogo karibu na kitovu, wakapasua tunda moja la kahawa lenye mbegu mbili. Kila mmoja alipaka mbegu yake damu yake, mwenzake akaila kutoka kiganjani. Basi. Tangu hapo huwezi kumnyima, huwezi kumsema vibaya, huwezi kumshitaki. Ukifanya hivyo, tumbo lako litavimba ufe. Baba yake Bartholomayo alipougua kuhara damu, ndugu zake wa tumbo moja walisimama mlangoni na vitambaa puani. Kyaruzi alitembea kutoka kwake siku nzima, akalala chini kando ya kitanda wiki tatu, akimwosha na kumgeuza. Bartholomayo alikuwa na miaka tisa, na ndiye aliyekuwa akimletea maji. Hilo alilolishuhudia halikumtoka.

Mwaka 2006 walikuja watu wa sinema kutoka Marekani. Magari kumi na mawili, jenereta, mahema, na katikati yao mwigizaji mkubwa, Harlan Whitcroft. Sisi tulimwita Halani. Kwenye sinema alikuwa mfanyabiashara wa kahawa aliyepotea, akaokolewa na watu wa huku, mwishoni akachanjiana na mmoja wao. Wakazunguka wakitafuta uso. Mume wangu alikuwa kwenye migomba anakata majani makavu, wakamwona, wakasema huyo huyo. Walimpa shilingi elfu thelathini kwa siku, kwa siku tatu, na siwezi kusema tulilalamika. Tulinunua mabati sita.

Siku ya kuchanjiana nilikuwepo, nimesimama nyuma ya kamba pamoja na kijiji kizima. Walirudia mara nane kwa rangi nyekundu. Mara ya nane Halani akanyanyua mkono, akaongea kwa muda, akijishika kifua. Mkalimani wao alikuwa Joackim, kijana wa mjini Bukoba. Joackim akatafsiri kwamba bwana huyu hataki tena rangi, anaona ni kuwadharau watu wenye mila yao, anataka kufanya kweli. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Bartholomayo akamwambia Joackim amuulize yule bwana kama anaelewa kwamba hili halina kurudi nyuma. Halani akasema anaelewa. Bartholomayo akasema muulize tena. Akaulizwa. Akaulizwa na mara ya tatu, na mara zote tatu akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga. Joackim yuko hai, ana duka la simu Kashai, nendeni mkamuulize.

Mume wangu alijichanja kwa wembe mbele ya watu wote. Halani aliingia hemani, wakasema nesi wake lazima amchanje kwa usafi, akatoka na kitambaa chenye damu tumboni. Wakapasua tunda. Wakalishana. Halani akamkumbatia mume wangu na kumwita kaka, kwa Kiswahili kabisa, alikuwa amefundishwa.

Wiki iliyofuata mchungaji alimwita. Usharika wetu hauruhusu omukago, tunajua wote, na mzee wa kanisa kufanya hivyo hadharani ilikuwa kashfa. Mchungaji alikuwa mtu mwema, akamfungulia mlango kabisa: sema tu ilikuwa mchezo wa sinema, yaishe. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye benchi. Nilimkanyaga mguu. Bartholomayo akajibu kwamba haikuwa mchezo, yule bwana aliulizwa mara tatu. Akatengwa miezi sita, uzee wa kanisa ukamtoka na haukurudi. Kila Jumapili ya Meza ya Bwana nilikwenda mbele peke yangu, yeye amebaki kwenye kiti cha nyuma na wasichana waliopata mimba. Niliona aibu, na niliona hasira, na niliimba kwa sauti kubwa ili watu wasinihurumie.

Basi ikaanza miaka ya Halani. Sinema ilitoka, ikampa tuzo, na tuzo ikampa sinema nyingine. Binti yetu Jovitha, aliyepanga chumba mjini, alikuwa akija na simu yake kumsomea baba yake habari. Halani amenunua shamba la farasi. Halani ana nyumba nne, moja ina bwawa la kuogelea ndani na lingine nje. Halani ana ndege. Mimi niliuliza mtu mmoja anakwenda wapi na nyumba nne, Bartholomayo akaniambia tusimsengenye. Halani alipoachana na mke wa kwanza, mume wangu alifunga siku moja akimwombea. Wa pili, akafunga tena. Wa tatu nilikataa kumpa uji wa kufungulia.

Alimwandikia barua tano, kwa Kiingereza nilichomsahihishia mimi. Hakuomba kitu. Aliuliza hali, akaeleza kahawa imezaaje. Ilirudi bahasha moja, ndani yake picha ya Halani yenye sahihi iliyochapwa na mashine. Akaitia kwenye fremu.

Halafu mama yake Halani akafa. Jovitha alisoma kwenye simu, na laiti angenyamaza. Bartholomayo akatangaza msiba. Hapa, nyumbani kwangu. Alitandika majani sakafuni, akakaa chini siku nne bila kugusa jembe, kwa sababu mama wa ndugu yako wa damu ni mama yako. Majirani walikuja. Walileta ndizi, kuni na rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakakaa na kumlilia mama Mmarekani wasiyemjua hata jina, na mimi nikapika kwa watu arobaini na macho yangu yakawaka kwa moshi. Hakuna aliyecheka. Nilijua wakifika njiani watacheka, lakini mbele yake hawakucheka, na kwa hilo nawashukuru.

Mwaka jana, mwezi wa nane, alikuja Vipul. Babu yake alikuwa na duka mjini Bukoba na alinunua kahawa kwa watu wa huku. Ukoo wao wote umehamia Kanada, ila Vipul hurudi kila baada ya miaka michache kuangalia makaburi. Akatuletea pakiti hii. Alidhani tunajua. Alidhani tunalipwa, maskini, alikuja kutupongeza. Akatueleza kwamba Halani ameanzisha kampuni ya kahawa, na katika kila mahojiano anasimulia jinsi alivyochanjiana damu na mtu wa Afrika, na watu wanalia, na wanainunua. Bei ya pakiti moja, ya gramu mia tatu, sisi huipata kwa kuuza kilo kumi na tano za kahawa ya maganda.

Mume wangu aliishika pakiti kwa mikono miwili, akatabasamu. Akasema, kumbe hajanisahau.

Nilitoka nje. Ningebaki ndani ningesema maneno ambayo mwalimu hasemi.

Nikapanda gari kwenda mjini kwa mwanasheria Rutashobya, niliyemfundisha darasa la nne. Akaniambia sura ya mtu haiuzwi bila ruhusa yake, kuna wenzake wa huko wanaoweza kuishika kesi, ila karatasi lazima aisaini mwenye sura, na muda wa kisheria unaisha mwisho wa Novemba. Sikutaka ndege yake wala farasi wake. Nilitaka watoe ile Simba, waandike Bartholomayo, na walipie ile sura waliyouzia kahawa. Nilirudi na karatasi. Bartholomayo akaisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, akanirudishia. Akasema ndugu hashitakiwi.

Nilibembeleza, nikanuna, nikaita watoto, nikamwita na mchungaji wetu mpya. Akawajibu wote kwa adabu. Mwisho wa Novemba ukawa unakaribia.

Ndipo Jovitha akapata video moja. Kuna mtu aliyekuwa fundi taa kwenye sinema ile, sasa amezeeka, anaweka mtandaoni picha alizopiga nyuma ya kamera. Siku ile ile, Maruku ile ile, hata mimi naonekana nyuma ya kamba na kitenge changu cha kijani. Halani anamkumbatia mume wangu, anageuka, anapita nyuma ya gari. Anatema mbegu kwenye karatasi laini. Anasukutua maji ya chupa, anatema tena, anakunja uso, na wenzake wanacheka. Msichana anambandua kile kitambaa tumboni na kumpangusa. Chini yake hakuna hata mkwaruzo. Ilikuwa rangi.

Niliiangalia mara kumi. Kisha, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu sasa nilikuwa na jibu. Kama mmoja hakuchanjwa na hakumeza, hakuna omukago, hata wazee wa zamani wangesema hivyo. Bartholomayo alikuwa huru tangu siku ile, tulikuwa tumefunga na kulia na kutengwa bure, na sasa angesaini.

Nilimkuta barazani anachambua maharage, saa nne asubuhi. Nikamwekea simu mkononi na karatasi ya Rutashobya gotini, na kalamu juu yake. Akaangalia. Akaniomba nimrudishie pale nyuma ya gari, nikamrudishia. Uso wake sikuuangalia, niliangalia kalamu.

Nikamwambia sasa umeona, yule si ndugu yako na hajawahi kuwa, saini.

"Yeye alitema, Mama Jovitha," akasema. "Mimi nilimeza."

Nikamwambia damu aliyoimeza ilikuwa rangi ya dukani. Akasema hilo hakulijua alipokuwa anaimeza. Akasema aliahidi mbele ya watu, akatengwa kwa ahadi hiyo, na akiivunja leo itakuwa mchungaji alikuwa sahihi, kwamba ulikuwa mchezo. Kisha akaikunja karatasi vizuri, akaniwekea kwenye mfuko wa aproni, akaendelea na maharage. Punje zikawa zinamwangukia chini, na hakuziokota.

Novemba iliisha. Ile picha ya ukutani ameiondoa mwenyewe, hakuniambia ameiweka wapi, na jina la Halani halitaji tena. Lakini jana jioni kwenye sala nilimsikia amefika kwenye orodha yake, watoto, wajukuu, wagonjwa wa mtaa, halafu akanyamaza kidogo mahali pale alipozoea kumtaja, kisha akaendelea. Sikuitikia amina. Nimemkasirikia yule aliyetema, nitamkasirikia mpaka nizikwe. Huyu aliyemeza nimemkasirikia zaidi, kwa sababu ndiye ninayelala naye chumba kimoja, na usiku namsikia akijigusa tumbo kuona kama limevimba.