Glasi Isiyoonyesha Ndani

Juzi nilikuwa Ifakara mjini, kwenye duka la vyombo, natafuta glasi za kaunta ndogo ya vinywaji ambayo mume wangu ameijenga sebuleni. Muuzaji alinipangia zote: ndefu za bia, zenye mguu za mvinyo, fupi nzito za pombe kali. Mwishoni akatoa seti ya kijani iliyokolea. "Hizi ndizo wanazozitaka siku hizi, dada," akasema. Nywele zikanisisimka. Nikamwambia anifungie zile nyeupe, zinazoonyesha mpaka chini, nikatoka bila hata kuomba kupunguziwa. Na mimi kwa kuomba kupunguziwa unanijua.

Bibi yangu alikuwa na baa nyumbani kabla mambo hayo hayajawa fasheni. Tuliishi Kivukoni, kando ya mto nje ya Ifakara, enzi hizo daraja halijajengwa, na wasafiri waliosubiri pantoni walikuja kukaa kwenye mabenchi yetu wakinywa komoni, pombe ya mahindi aliyoipika mwenyewe. Nakumbuka harufu ya kimea kikianikwa mkekani, samaki wakikaangwa kwa jirani, na mimi nikisugua glasi kwa majivu mpaka zinalia nikizipitishia kidole. Vikombe vya plastiki bibi hakuvitaka kabisa. Mteja aone anachokunywa, ndivyo alivyosema kila siku. Tena hakumpa mtu kinywaji kabla hajapiga funda moja mbele yake, maana kwetu pombe ambayo mmiminaji hakuionja ilitiliwa shaka. Mtu angeiacha mezani akaondoka kimya kimya.

Glasi moja tu ilikuwa ya kijani, nzito, haionyeshi kitu. Aliachiwa na babu, na ilikaa kabatini miaka yote.

Mchana mmoja wa masika pantoni iliharibika, watu wakajaa uani. Glasi zikaisha. Bibi akaitoa ile ya kijani, akaijaza, akaiweka mezani nyuma yake huku akihudumia wengine. Mara honi ya pantoni ikalia, kumbe imeshatengenezwa, kila mtu akataka chake haraka. Katika pilikapilika hizo bibi akamkabidhi jirani yetu ile glasi bila kuionja. Na jirani mwenyewe ndiye waliyegombana naye wiki ile ile, kisa bata wake walioingia kwenye mpunga wetu.

Alikunywa nusu, akairudisha mezani. Akasimama, akayumba, akaanguka kifudifudi kwenye matope, akitapika.

 Kaka yake akaenda kusimama kwenye njia ya kutokea.

"Bibi, umempa nini mdogo wangu?"

"Nimempa komoni, mjukuu wangu. Kama wenzake."

"Mbona hukuonja?"

 Nikaona mmoja akiokota mchi, mwingine akichomoa ukuni jikoni. Nilikuwa bado mdogo, lakini nilishasikia yanayowapata vikongwe wenye macho mekundu kama bibi, wakishaitwa wachawi. Mkojo ulinitoka, nakuambia wazi.

Bibi akaichukua ile glasi, akanywa yote iliyobaki, akaketi kwenye benchi na kuniita nikae ubavuni mwake. Wote wakatutazama. Walikuwa wanasubiri aanguke, na mimi nilikuwa nasubiri pamoja nao. Mkono wake ulikuwa baridi kabisa. Baadaye mke wa jirani akaja mbio kutoka shambani, akasema mumewe ana malaria, ameamka na homa na kumeza dawa bila kula chochote. Wakammwagia maji, akafumbua macho. Mchi ukawekwa chini. Mtu mmoja akacheka, akaagiza nyingine, na bibi akainuka akammiminia.

Siku hizi magari yanapita darajani bila kusimama. Mabenchi yameoza, kimea hakianikwi tena, na vijana wanakunywa bila kujua kwamba zamani kulikuwa na mtu wa kutangulia kuonja. Ajabu ni kwamba nayatamani maisha yale, pamoja na hofu yake yote.

Mwaka wake wa mwisho nilimuuliza bibi kama aliogopa siku ile, maana yeye alijua hakutia kitu. 

"Mimi sikutia," akasema. "Lakini glasi ilikuwa nyuma yangu, na ua umejaa watu. Kilichomo sikukijua, mjukuu wangu. Nilijua tu kwamba nisipokunywa, watanimaliza mbele yako."